Mpaka Nikuite

Wanangu wanasema nina mdomo. Mke wangu, ambaye ana adabu kuliko wao, husema tu kwamba nikianza habari chakula hupoa. Wajukuu ndio wabaya zaidi: wakinisikia nakohoa ili kusafisha koo, huanza kutafuta viatu vyao. Nakasirika kidogo, maana mimi ni mtu wa kukasirika, lakini rohoni nacheka. Hawajui kwamba maneno yote ninayoyamwaga pale barazani nilirudishiwa na watu, baada ya kukaa bila kauli muda mrefu nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yanaanza kung'oka. Watu wenyewe wamekwisha kufa. Walikuwa bibi yangu, mama yangu, na mshonaji mmoja wa Kasongo aliyekuwa na jina la baba yangu. Majina yao sitayaandika. Bibi hasa angeniuliza nani alinipa ruhusa.

Tulikaa upande wa Kabambare, katika kijiji kimoja karibu na mto Luama, ambako kila mwanaume mwenye nguvu alipewa shamba la pamba, atake asitake. Pamba ilikuwa ya Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, na jasho lilikuwa letu. Baba alikuwa mpole nyumbani na mwenye kichwa kigumu shambani. Alipenda karanga, akazipanda katikati ya mistari ya pamba, jambo lililokatazwa kabisa. Siku kapita, yaani msimamizi wa pamba, alipokuja kukagua, aling'oa shina moja, akapangusa udongo, akatafuna karanga huku anamtazama baba, halafu akaenda zake bila kusema kitu. Baba alijua maana yake. Zamani kidogo alikwisha kuchapwa fimbo mbele ya watu, akashindwa kulala chali kwa muda, na alipopona alikula kiapo kwamba hatalazwa chini tena mbele ya wanaume wenzake.

Watu waliotumwa kumkamata wakaja asubuhi moja ya masika. Baba aliwaona kwa mbali, sisi wawili tukiwa nyuma ya nyumba tunaambua karanga zilezile. Alinishika mkono tukakimbia kwa njia ya mto. Kwa nini alinichukua sijui. Labda alijua kwamba angeniacha ningemfuata nikilia, na kilio changu kingewaonyesha njia.

Wale watu walimkuta mama uani, mdogo wangu wa kike akiwa mgongoni mwake. Mmoja alimpinda mkono, akamuuliza mumewe yuko wapi. Mama hakujibu. Lakini macho yake yaligeuka yenyewe, mara moja tu, yakaangalia njia ya mto. Jambo hilo mimi sikuliona wala sikuambiwa wakati ule. Nalitaja mapema ili msomaji asimfikirie vibaya mama yangu kwa jinsi alivyokuwa baadaye, maana alibeba kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba amekibeba.

Penye matete baba alinikalisha kwenye matope, akarudisha majani juu ya kichwa changu, akaweka kidole chake kwenye midomo yangu.

“Nyamaza,” akasema. “Usifungue kinywa hata kidogo, mpaka nitakuita.”

Kisha akaingia Luama. Nadhani alitaka kuvuka, awatoroke ng'ambo, arudi kunichukua wakiondoka. Alijua kuogelea, lakini maji yalikuwa mengi, mekundu, yamebeba magogo. Nilikiona kichwa chake, nikakiona tena mbali kidogo, halafu sikukiona. Wale watu wakafika ukingoni, wakasimama karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya tumbaku yao. Wakazungumza, wakavuta, wakageuka. Mimi niliendelea kukaa. Sikuwa mtoto jasiri hata kidogo, wanangu wasije wakajivuna. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nikae kimya hadi niitwe, na sikuitwa.

Walionikuta ni wanawake waliokuja kesho yake kuvua samaki wadogo kwa vikapu kwenye vidimbwi vya pembeni. Mmoja alipoyasogeza matete na kuniona, alinikumbatia na matope yangu yote. Nilikuwa natetemeka, machozi yananitoka. Akanipigapiga mgongoni na kuniambia lile neno ambalo kila mama wa kwetu humwambia mtoto anayelia: “Nyamaza, mutoto. Nyamaza.”

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na sidhani kama lingeweza kutokea kwa watu wa lugha nyingine. Kwetu kumbembeleza mtoto na kumfunga kinywa ni neno lilelile moja. Baba alipatikana chini zaidi, penye mawe, akazikwa. Matanga yakajaa watu kutoka vijiji vya jirani na hata kutoka kule Wamaza, na kila aliyefika, baada ya kumpa mama mkono, alinivuta kifuani na kuniambia ninyamaze. Shangazi waliniambia, wajomba waliniambia, katekista wa misheni aliniambia kwa sauti nzuri kabisa. Wote walikuwa na huruma, nami nawashukuru mpaka leo kwa huruma ile. Lakini mimi nilisikia kijiji kizima kinanikumbusha amri ya baba. Nikajiambia kwamba watu wote wanajua, na kwamba nikifungua kinywa ndipo atakapokamatwa.

Kwani hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba amekufa. Mtoto hakupelekwa makaburini. Niliambiwa baba amekwenda, na mtu aliyekwenda hurudi.

Basi nikanyamaza. Mwanzoni watu waliona ni huzuni. Mpunga ulipoanza kuchanua, wakaona ni ugonjwa, na hapo ndipo nilipopata taabu. Mtu mmoja alinipulizia unga wa pilipili puani, nikapiga chafya hadi kuku wakakimbia, lakini neno halikutoka. Katekista aliniombea kwa muda mrefu, akaniambia mwishoni niseme Amina. Nilifanya ishara ya msalaba kwa heshima zote. Akaja pia mzee mmoja mwenye wembe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakata watoto kamba ya chini ya ulimi, akasema ulimi wangu umefungwa. Kusema kweli hakukosea sana, ila aliyeufunga hakutumia kamba. Mama alipouona wembe alininyakua akakimbia nami mpaka shamba la mihogo, na siku hiyo nilimpenda mama yangu kuliko kitu chochote duniani.

Mdogo wangu ndiye aliyefaidi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema sawasawa, akajifanya mkalimani wangu. “Hapendi sombe,” alikuwa akisema, “anataka nimukulie.” Baada ya majani hayo ya muhogo, nyama yangu nayo ikaenda hivyohivyo, mbele ya macho yangu, kwa tafsiri ya uongo.

Mama alikuwa anakauka. Alipika, lakini hakukaa nasi kula. Alinitazama kwa siri nikiwa nacheza peke yangu, na nikimtazama aligeuza uso. Kumbe alikuwa na hakika kwamba kule kwenye matete nilisikia kila kitu, kwamba nilijua nani aliyewaonyesha njia, na kwamba nimekataa kusema naye kwa hasira. Kila siku niliyokaa kimya ilikuwa kwake siku ya kuhukumiwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye akingoja nimlaumu na mimi nikingoja niitwe, na hatukuwa na njia ya kuambiana.

Ndipo bibi yangu, mama yake baba, alipokuja kutuchukua. Alikaa Kasongo kwa binti yake, shangazi yangu, aliyeolewa katika ukoo mmoja wa Kiislamu wa pale mjini. Alikuwa amekuja matangani akarudi, sasa akaja tena, akazungumza na baba mdogo, wakakubaliana kwamba twende Kasongo mpaka mtoto apone. Tulitembea kwa miguu hadi barabara kubwa, tukapata lori lililobeba marobota ya pamba. Bibi alipanda juu akajinyoosha kama malkia, akasema angalau pamba imetufaa kitu. Mama hakukubali kuikalia. Alisimama safari nzima ameshika chuma, katika barabara ile ya mashimo.

Nieleze kidogo juu ya bibi. Kwa Kiswahili cha pwani, na cha vitabu, bibi ni mama wa mzazi wako. Kwetu Kongo bibi ni mke. Bibi yangu alikuwa vyote viwili. Katika desturi yetu, nyanya na mjukuu wa kiume hutaniana kama mtu na mkewe, na yeye aliolewa nami siku niliyozaliwa. Aliniita bwana yangu. Nikimletea maji alisema ameolewa na mwanaume wa maana, nisipomletea alisema atarudi kwao. Matangani hata yeye aliniambia ninyamaze, nakumbuka, lakini tulipofika Kasongo alifanya kitu ambacho hakuna mwingine aliyefanya: hakuniomba niseme. Alianza ndoa yetu upya. Alinituma kuni kama mume. Alidai nimjengee nyumba, nikamjengea ya vijiti nyuma ya jiko, akaja kuikagua, akasema mlango mdogo, je, ameolewa na panya? Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mto. Nilicheka bila sauti, mabega tu, naye akajifanya hakuona.

Asubuhi za baridi alivaa koti la baba. Lilikuwa koti la kaki lililochakaa viwiko, alilopewa kwenye matanga, na mikono yake ilimpita vidole. Nilipokuwa mtoto niliona ni koti tu. Ilibidi niwe na watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba mwanamke yule aliyenichekesha tangu asubuhi hadi jioni alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kiume, na kwamba alikuwa anaingia ndani ya nguo yake kila kunapokucha, anatoka nje, anaanza kunitania. Sijui alipata wapi nguvu hizo. Namshukuru kila ninapovaa koti.

Nyumba yote ilitupokea hivyo. Shangazi alimpa mama kazi ya kupepeta mpunga pamoja na wanawake wengine, si kwa sababu ya mpunga, bali asikae peke yake. Mume wa shangazi, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, mwenye kofia iliyokuwa safi siku zote, aliagiza kwamba mtu asimwite mtoto huyu bubu ndani ya ua wake. Wao walikuwa Waislamu, sisi watu wa misheni. Mama alisali kwake na wao waliswali kwao, na Jumapili shangazi mwenyewe alimwamsha mama asichelewe kengele. Nikisikia leo watu wanasema kwamba hao na hao hawawezi kukaa pamoja, hukohoa, na wajukuu hutafuta viatu.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, bibi alikunja mkeka wake, akaubeba kichwani, akahama kutoka baraza letu kwenda baraza la jirani. Alitangaza kwa wapita njia kwamba ndoa imemshinda. Watu wakaja, maana mashauri ya ndoa Kasongo hayakosi wasikilizaji. Mume wa shangazi alipenda mashauri kuliko chumvi yake. Akatoa kiti, akavaa uso wa hakimu, akaita pande zote mbili. Mimi nilikalishwa upande wa wanaume. Wanawake walikaa mkekani na mama alikuwa nyuma yao, ungo mapajani.

“Huyu bwana yangu hasemi na mimi,” bibi akashtaki. “Ninamupikia, anakula. Ninamufulia, anavaa. Lakini kinywa hapana. Pengine iko na bibi ingine.”

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Hakimu akaniuliza kama ni kweli nina mke mwingine. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama bibi hapiki vizuri. Nikatikisa tena, na bibi akashukuru mahakama. Kisha hakimu, kwa ule utani wake mzito, akauliza swali ambalo hakuna mganga wala katekista aliyekuwa amelifikiria, kwa kuwa wao wote walitafuta kilichoniharibikia.

“Weye bwana, nani alikukataza kusema na bibi yako?”

Aliuliza kwa mchezo. Mimi nililisikia kama swali la kweli, na nilikuwa nimechoka sana kungoja. Niliinuka, nikapita katikati ya watu, nikafika kwa bibi. Nikaushika mkono wa koti.

Kicheko kilikatika. Bibi alitazama mkono wangu, akatazama koti, na uso wake ukabadilika.

“Baba yako?” akauliza polepole. “Baba yako alikuambia usiseme?”

Nikakubali kwa kichwa.

“Mpaka siku gani?”

Hilo halikuwa la kujibu kwa kichwa. Nilifikiri, halafu nikanyoosha mkono, kiganja chini, nikavuta vidole kuelekea kwangu, jinsi sisi tunavyomwita mtu aliye mbali. Nikafanya hivyo tena na tena, hadi shangazi akasema kwamba ni mpaka baba yake amwite.

Nyuma ya wanawake ungo ulianguka na mchele ukamwagika. Mama alikuwa amesimama. Aliingia ndani, na tulimsikia akilia kwa namna ambayo hata matangani hakulia. Kimya changu hakikuwa kwa ajili yake. Alikuwa ameteswa muda wote ule na hukumu ambayo haikutolewa.

Bibi hakulia. Alikaa chini palepale, akaanza kuwaza kwa sauti, na nililiona jambo lenyewe likimfikia. Alisema mtoto aliambiwa anyamaze, na sisi sote tukapanga mstari, mmoja mmoja, tukamwambia anyamaze. Alijipiga paja. Tangu siku ile neno hilo lilikatazwa nyumbani kwa mtoto yeyote mwenye huzuni. Aliyesahau alifukuzwa uani hata kama ni mgeni wa heshima. Miaka iliyofuata watu walianza kumletea bibi watoto wao: msichana wa Nyangwe aliyeona mtumbwi ukipinduka na ndugu zake, mvulana ambaye baba yake alifukiwa na udongo wa mgodi. Aliolewa na wavulana wote, akawafanya wasichana wake wenza. Aliwaambia wazazi kwanza wamwambie mtoto ukweli, halafu wamwache alie mpaka atakapochoka. Nami nilikuwa nakaa nao, nikawa mume mkubwa wa nyumba ile, na ni hapo nilipojifunza kuzungumza na watu walioumia, kazi iliyonilisha na kunipa heshima baadaye.

Lakini siku ile ya shauri nilikuwa bado nimefungwa, na waliojua sababu walikuwa hawajui la kufanya. Jirani mmoja alishauri mtu ajifiche aigize sauti ya baba. Hakimu wetu alikataa. Alisema hatumdanganyi mtoto. Neno la mtu huondolewa na mwenyewe, na kama mwenyewe amefariki, huondolewa na somo wake.

Somo kwetu ni mtu mwenye jina lako. Si mambo ya kuchekelea. Watoto wa somo wako ni watoto wako, shemeji zake ni shemeji zako, na mama yake akipika wewe una haki ya kuingia bila hodi. Somo wa baba alikuwa mshonaji aliyekaa na cherehani yake kwenye baraza la duka karibu na soko. Walikutana ujanani baba alipoletwa mjini kubeba mizigo, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, wakagundua wana jina moja, wakabadilishana mashati siku hiyohiyo. Tangu tufike Kasongo hakuwa amekuja kutusalimu. Mama akipita, mshonaji aliinamia cherehani na kukanyaga kwa nguvu hata kama hakuna kitambaa. Tulidhani ana kiburi.

Bibi alimwendea mwenyewe. Alirudi akatuambia kwamba yule mtu alikuwa anaogopa. Habari ya kifo ilipofika sokoni, watu walililia jina lake mbele yake. Tangu siku hiyo alijiona kama amebaki kwa makosa, na hakujua ataitazama vipi familia ya aliyeondoka. Aliomba apewe muda. Bibi alimpa, ingawa kwa kununa.

Akaja Ijumaa baada ya swala, ameoga, amevaa kanzu nyeupe aliyoishona mwenyewe. Hakutaka kukaa. Alimwomba mama radhi kwa kutokuja, kisha akamwuliza jambo moja: mume wake alikuwa anamwitaje mtoto huyu, akiwa shambani, akiwa mbali? Mama alikuwa hajataja kitu chochote cha baba tangu maziko. Sasa akaweka viganja kando ya mdomo, akaita kwa sauti ya chini nisisikie, akilivuta jina langu mwishoni, kupanda na kushuka, kama baba. Haya niliambiwa baadaye na shangazi, kwani mimi nilikuwa nimetumwa kwenye migomba nyuma ya nyumba kukata majani. Shangazi alisema bibi alishika mlango kwa mikono miwili. Mshonaji alijaribu, mama akamsahihisha, akajaribu tena. Waliendelea hivyo mpaka mama akasema ndivyo.

Mimi niko migombani, kisu mkononi, nikasikia naitwa.

Sikukimbia. Niliogopa kwamba nimekosea. Sauti haikuwa ya baba, nilijua, lakini wito ulikuwa wake na hakuna mtu mwingine aliyeita hivyo duniani. Ikaja mara ya pili. Kwetu mtoto akiitwa lazima aitike, hata akiwa mgonjwa.

“Naam!” nikasema.

Sauti ilitoka kavu, nene, kama ya mtu nisiyemjua. Nikaenda. Uani nilimkuta mwanaume mwenye kanzu, macho mekundu, amepiga magoti ili tulingane.

“Mi si baba yako,” akaniambia kabla sijamfikia. “Baba yako alikufa mu mayi ya Luama, na walimuzika. Harudi. Mi niko na jina yake tu. Lakini jina ndiyo imekuita. Ile neno alikuambia, imekwisha.”

Nilimtazama sana. Nadhani nilijua tangu zamani, ila nilihitaji mtu mwenye haki ya kuniambia. Na kabla ya kulia nilikuwa na ripoti ya kutoa, niliyoihifadhi tangu matete.

“Nilinyamaza, baba,” nikamwambia. “Sikufungua kinywa hata kidogo.”

“Najua,” akasema yule mshonaji, Mungu amlaze pema. “Nimesikia vile ulinyamaza.”

Ndipo nikalia. Bibi alifika akanifunika na lile koti akiwa bado amelivaa, akaniambia nilie, bwana yangu, nilie kinywa wazi. Mdogo wangu alilia pia kwa kuwa mimi nalia. Mshonaji alikaa chini na kanzu yake nyeupe kwenye vumbi. Yeye aliendelea kuwa baba kwetu hadi alipozeeka. Ndiye aliyenishonea kaptula ya shule na shati la ndoa, na nikimwita baba hakuna mtu Kasongo aliyeshangaa.

Mama alikuwa amesimama mbali na sisi, karibu na chungu. Nilimwita mama, kauli yangu ya tatu au ya nne, na aliposikia anaitwa na mimi alipiga hatua moja akasimama tena, kwa sababu kati yetu alikuwepo bibi, mama wa mtu aliyekufa. Sasa kwa kuwa mtoto hakujua kitu, angeweza kukaa na siri yake mpaka kaburini. Akaikataa. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake mchana ule, watu wote wakiwepo, akasema macho yakiwa chini:

“Mama, ni mimi. Walinipinda mukono, wakauliza iko wapi. Sikusema. Lakini macho yangu ikaenda ku njia ya mto.”

Bibi aliniachia. Alimwendea mama, akauchukua mkono wake, ule uliopindwa, akawa anausugua polepole kuanzia kiwiko, kana kwamba bado unauma.

“Walikushika na mutoto ku mugongo,” akasema hatimaye. “Hata mi niliyemuzaa, macho yangu ingeenda palepale.”